Kadi za Tazama

Ningekataa. Neno lenyewe, hapana, ni jepesi, hata mtoto wa chekechea analijua, lakini asubuhi ile ofisini kwa mkuu wa shule halikunitoka. Aliniambia niandike maneno kumi kwa herufi zilizo sahihi, kwenye vikaratasi vidogo, kikaratasi kimoja kwa kila kishikwambi, nivibandike ndani ya jalada mahali ambapo mgeni hataona na mwanafunzi hatakosa kuona. "Ni msaada mdogo tu, mzee," alisema. "Kutafuta wanajua. Wanakwama kwenye herufi." Nikajibu, "Sawa, Mkuu." Maneno mawili. Nimeyarudia miaka hii yote, nikiwa shambani, nikiwa kanisani, nikiwa nangoja maji yachemke, na kila mara najaribu kuyageuza yawe mengine. Hayageuki.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyakahura, kwenye soko la kando ya barabara, kutafuta mbegu ya maharage. Nilikuwa nimeinama juu ya gunia, mkono mmoja ndani, niliposikia nyuma yangu, "Shikamoo, mzee." Nikageuka. Alikuwa Leokadia, mwalimu wa Kiswahili niliyefanya naye kazi kwenye shule moja ya sekondari upande wa Ngara, shule ambayo sitaitaja jina. Mvi zimeanza kumwingia pembeni, mkononi ana kikapu cha nyanya. Nikasema, "Marahaba." Nilitaka kuongeza neno, neno lolote, hata la mvua, lakini alikuwa ameshapita. Mama mwenye maharage akaniuliza, "Babu, unachukua, au unachezea tu mpaka yaote humo humo?" Nikanunua bila kutazama, na nilipofika nyumbani nikakuta nusu yametobolewa na wadudu. Tangu siku hiyo situlii. Naanza kupalilia mstari mmoja, naacha jembe katikati. Naanza rozari, nasahau niko tendo la ngapi. Hata sasa nimeshainuka mara mbili kutoka kwenye hiki kiti, mara moja kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa. Ndiyo sababu naandika. Labda mkono ukipata kazi, mwili utakaa.

Watu husema mtu hufinyangwa akiwa kijana, udongo ukiwa mbichi. Mimi wangu ulikuwa umeshachomwa. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, mtunza maktaba mwenye elimu ya kidato cha nne, nikijiona nimeshajijua nilivyo. Mwaka huo ndio ulionionyesha.

Maktaba yetu ilikuwa chumba cha mwisho kwenye jengo la madarasa, kile kinachopigwa na jua la mchana. Sakafu ya saruji ilikuwa na ufa uliopinda kama mto kwenye ramani, na wanafunzi walikuwa na mazoea ya kukaa upande mmoja wa ufa kwa wasichana na mwingine kwa wavulana, ingawa hakuna aliyewahi kuwaamuru. Kulikuwa na rafu tano za mbao za paini, madirisha mawili yenye nondo, popo juu ya dari, na karibu na mlango kabati dogo lenye droo sita. Humo ndimo zilimokuwa kadi za orodha ya vitabu. Ukitaka kitabu unavuta droo, unapekua kadi kwa mpangilio wa alfabeti, kadi inakuambia rafu gani. Droo tano zilikuwa za kadi za kawaida. Ya sita, ya chini kabisa, ilikuwa yangu.

Lazima nieleze jambo la ndimi zetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kiswahili kwetu ni lugha ya shule, soko na ofisi. Nyumbani tunasema Kihangaza, au Kisubi, au Kirundi, na ulimi uliolelewa huko huiona l na r kuwa mtoto mmoja mwenye majina mawili. Mtoto wa Ngara anakuambia anataka kitabu cha kirimo. Ukivuka kuingia Biharamulo, kwa Wasukuma, unakutana na anayekuambia amepita balabalani. Mimi mwenyewe, nikiwa kidato cha pili, nilipewa kusoma tangazo mbele ya shule nzima. Nilijua kwamba r yangu huchekwa, kwa hiyo nikakaza ulimi, nikajitahidi kuiepuka, na nikasema kwa sauti kubwa kwamba shule imepokea balua. Shule nzima ilianguka kwa kicheko. Waliniita Balua mpaka namaliza kidato cha nne, na nilipoondoka nilidhani jina nimeliacha pale getini.

Kwa hiyo nilipopewa maktaba, na nikamwona siku moja binti wa kidato cha kwanza amesimama kwenye droo kipindi kizima, anapekua M, anarudia M, anatafuta mborea, nilijua kinachomsumbua kabla hajafungua kinywa. Jioni nikakata kadi mpya, nikaandika kwa herufi kubwa: MBOREA. Tazama MBOLEA. Kesho yake nikaandika KIRIMO. Tazama KILIMO. Nikaandika MARARIA, nikaandika KALATASI, nikaandika kila kosa nililolisikia, na miaka ilivyokwenda droo ya sita ikajaa. Sikuwahi kumwambia mtoto amekosea. Kadi ilimpokea alivyokuja, ikamwonyesha njia, na akienda mara tatu nne anaacha kuihitaji. Siwezi kusema nilijifunza wapi. Nadhani nilijifunza kwa kuchekwa.

Leokadia ndiye mtu mzima pekee aliyezijua kadi hizo. Alifika shuleni kwetu akiwa mwalimu kijana, mtoto wa Kasulo, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi wa fundi, na siku moja akavuta droo isiyo yake. Alisoma kadi moja baada ya nyingine, kimya, kisha akaniuliza kwa nini niliziandika. Nikamsimulia habari ya balua. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, juu ya ule ufa. Lakini kicheko chake hakikuwa na ncha. Tangu siku hiyo, tukiwa peke yetu, aliniita kaka Balua, na ajabu ni kwamba nilipenda. Saa nne, wakati wa chai, alikuja chumbani kwangu badala ya kukaa na walimu wengine, na tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi juu ya meza ya kuazimia vitabu.

"Kaka Balua, mbona huu wenye nyuzi umenipa mimi?"

"Mwenye meno ndiye hupewa wenye nyuzi. Yangu yako likizo."

"Likizo bila malipo hiyo," anasema, na anautafuna hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia, mradi mmoja ulileta vishikwambi. Aliyekuja navyo aliitwa Bi Zuhura, dada mpole mwenye miwani, na alieleza kwamba wanataka kulinganisha. Kidato cha pili kilikuwa na mikondo miwili. Mkondo A ungefundishwa kutumia maktaba kwa mtandao: mwalimu yuko Dar es Salaam, anaonekana kwenye kioo, anawafundisha kutafuta vitabu ambavyo navyo vimo ndani ya kioo. Mkondo B ungefundishwa ana kwa ana, na mimi, chumbani. Kipindi kimoja kila wiki, mambo yale yale, kwa kuanzia yote kwa Kiswahili. Mwisho wa mwaka mikondo yote miwili ingefanya jaribio moja. Mkuu wa shule alipofunga kikao alitoa la kwake, akitazama dirishani: "Kama kioo kinatosha, basi chumba kile tutakihitaji kwa vishikwambi. Hatuwezi kuweka vyote." Hapo nikajua kwamba kinachopimwa ni chumba.

Nisijidai hapa. Kioo kilikuwa na mazuri yake. Mimi nikiwa na watoto arobaini na kitu kwenye rafu moja, waliokuwa mbele waliona na waliokuwa nyuma waliona visogo. Nilikuwa mkali, nilichoka mchana, na swali lililoulizwa mara ya tatu nililijibu kwa kukunja uso. Yule mwalimu wa kwenye kioo hakukunja uso. Kama mtandao upo alikuwepo mwenyewe, kama haupo somo lake lililorekodiwa lilichezwa, na mtoto aliyekosa kuelewa alilirudisha nyuma hata mara tano, na mwalimu akaanza upya kwa tabasamu lile lile. Wapo wenye haya ambao kwangu hawakuwahi kunyoosha mkono na kule walichangamka. Mmoja wao ni Editha, binti wa Mbuba, mrefu, mwenye tabia ya kufunika mdomo kwa kiganja anapozungumza.

Leokadia ndiye aliyesimamia mkondo A, na ndiye aliyeona kwanza. Mtoto anaandika kirimo, kioo kinajibu: Hakuna kilichopatikana. Mtoto hajui kama amekosea herufi. Anachojua ni kwamba amesoma maneno matatu yanayomwambia hakuna. Leokadia akaanza kuyaandika kwenye daftari, neno kwa neno, tarehe na jina la mtoto. Baada ya miezi mitatu daftari lilikuwa limefika katikati. Siku moja akamleta Editha chumbani kwangu, amemshika bega.

"Kaka," akasema, maana mbele ya wanafunzi jina lile hakulitumia, "msikilize huyu."

Editha alifunika mdomo. "Nilitafuta michilizi, babu. Nikaandika vizuri kabisa, sikuandika kikwetu. Hakuna."

Nilielewa. Alikuwa amefanya kile nilichofanya mimi siku ya balua: amejua kwamba r huchekwa, akaikimbia hata pale ilipokuwa na haki ya kukaa. "Michirizi ya nini?" nikamuuliza.

"Ya mihogo. Ya kwetu ukichimba, kwa nje mizima, ukikata ndani ina kutu. Baba anasema tumelogwa. Mama anasema ni udongo."

Sikwenda hata kwenye droo. Nilikwenda rafu ya tatu, nikatoa kijitabu cha magonjwa ya mihogo, nikakifungua kwenye picha ya muhogo uliokatwa, wenye madoa ya kahawia. Editha aliondoa kiganja mdomoni. "Ndiyo huu," akasema. "Ndiyo wa kwetu huu!" Akasoma ukurasa mzima kwa sauti, hapo hapo amesimama, akichanganya r na l kila mstari, na sisi wawili tukasikiliza kama watu wanaosikiliza barua kutoka mbali. Wiki mbili baadaye alituletea habari kwamba baba yake amekubali kung'oa na kuchoma, na kwamba sasa mama yake ndiye anayemcheka kwa ule uchawi.

Siku zile zile nilikuwa naondoa utando kwenye nondo za dirisha, nikamsikia Editha nje akimwambia mwenzake, "Kile kioo kina adabu. Hakicheki mtu. Ila ukikiuliza jambo kinanyamaza kama mgeni, hakijui kwetu." Mwenzake akamjibu, "Na babu?" Editha akasema, "Babu mkali. Lakini anasikia." Niliendelea kufuta nondo zile zile mpaka zikang'aa.

Nilimsimulia Leokadia tukiwa kwenye chai. Hakucheka. Alisukuma mihogo pembeni, akaweka daftari lake mezani na juu yake kiganja. "Sikiliza, kaka Balua. Mimi nina maswali ya watoto. Wewe droo yako ina majibu. Bi Zuhura akija mwisho wa mwaka, tunampa vyote viwili. Wale mafundi wao wataifundisha mashine ipokee kirimo na kilimo, kama kadi zako zinavyopokea. Na tunamwambia mtoto aanzie chumbani, kwa mtu, halafu ndipo aende kwenye kioo. Si lazima kimoja kiue kingine."

"Watacheka," nikasema.

"Wacheke. Mimi nilicheka, ukafa?"

"Sikufa."

"Basi utazileta?"

"Nitazileta," nikamwambia. Nilimaanisha. Nataka ieleweke kwamba siku ile nilimaanisha.

Wiki ya jaribio mkuu wa shule akaniita. Nimeshaeleza alichokitaka. Lakini nimeacha maneno yaliyoniangusha, na inanibidi niyaandike hata kama yananifanya niinuke tena. Alisema, "Mzee, wageni wataondoka hapa wakisema watoto wa Ngara hawajui Kiswahili. Halafu watauliza, aliyewafundisha maktaba miaka yote ni nani? Na zile kadi zako za chini. Unadhani sizijui? Mtunza maktaba ameandika MBOREA kwa herufi kubwa, kwa mkono wake. Ziondoe kabla hawajavuta droo." Hakunitisha, hakuniahidi kitu. Aligusa tu mahali ambapo bado palikuwa na umri wa kidato cha pili. Nikaona ukumbi, nikasikia kicheko. Nikasema, "Sawa, Mkuu."

Niliviandika vile vikaratasi kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Maneno kumi: kilimo, mbolea, malaria, barabara, na mengine ya namna hiyo. Kwa mkondo B, waliokuwa wanafunzi wangu, sikuandika chochote. Wao walikuwa na kadi za kawaida na miguu yao, na wengi walifaulu hivyo hivyo, kwa kwenda na kurudi. Watoto wa mkondo A walifungua majalada, wakaona, wakatazamana. Hakuna aliyeniuliza. Editha aliinua macho akanitafuta nilipokuwa nimesimama mlangoni, nami nikatazama saa yangu, ambayo ilikuwa imesimama tangu Pasaka.

Leokadia hakuwepo chumbani wakati wa jaribio. Alikuwa ameambiwa asimamie mtihani wa kidato cha tatu, na sasa najua kwamba haikutokea kwa bahati mbaya.

Wakati watoto wanaandika, nilichukua droo ya sita, nikaibeba kifuani kama mtu aliyebeba kuku, nikapita nyuma ya vyoo mpaka jikoni. Mama Merisiana, mpishi wetu, alikuwa anahangaika na kuni mbichi. Nilimwambia nimemletea za kuwashia. Alichukua kadi chache, akazigeuza. Hakujua kusoma sana, lakini mwandiko wangu aliujua kutoka kwenye ratiba ya chakula.

"Mzee, hizi si zako?"

"Zimeharibika."

"Mbona nzuri hivi?" Akazitazama tena, kisha akazisukuma chini ya sufuria. Kadi ngumu haziwaki upesi. Zinajikunja kwanza, zinakuwa za kahawia pembeni, na maneno yanabaki yakisomeka mpaka mwisho. Mchana, wageni na walimu, tulikula makande ya siku ile. Bi Zuhura aliyasifu. Mimi nilikula sahani yangu yote kwa sababu kuiacha kungeleta maswali.

Kikao kilifanyika chumbani kwangu baada ya chakula, meza imefunikwa kitambaa. Bi Zuhura akasoma matokeo: mikondo yote miwili ilikuwa karibu sawa, lakini mkondo A ulimaliza mapema zaidi. Mkuu wa shule akatikisa kichwa kwa kuridhika. Leokadia akasimama na daftari lake. Alieleza vizuri, bila kumlaumu mtu: watoto wanatafuta walivyozoea kusema, mashine inawaambia hakuna, wanaamini hakuna. Akasoma maneno kumi au kumi na tano. Bi Zuhura hakumdharau, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapolikumbuka. Alivua miwani, alisikiliza, aliandika. Kisha akasema, "Mwalimu, nakuelewa. Lakini kama ndivyo, leo wangekwama. Mbona hawakukwama hata mmoja?"

"Hilo sijui," Leokadia akajibu. "Lakini muulize mtunza maktaba. Yeye amelijua tatizo hili kabla yangu, na ana dawa yake kwenye droo ya chini."

Bi Zuhura akanigeukia. "Mzee, wewe umekaa na watoto hawa miaka mingi. Umewahi kuliona hili?"

Nilisimama. Mbele yangu kulikuwa na kabati la droo sita, na ya sita, nilikwisha kuirudisha mahali pake ikiwa tupu. Leokadia alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu aliyekwisha kutulia, kwa kuwa msaada umefika. Nikakaza ulimi. Nilitaka itoke safi. Nikasema, "Hapana, mgeni. Mimi sijaona tatizo rorote."

Mwalimu mmoja akakohoa kicheko, na mwingine akamfuata, na hata mkuu wa shule akauma mdomo. Bi Zuhura aliinamisha kichwa kwa adabu. Nadhani yeye alikuwa na nafasi ya kuelewa pale pale, jibu lote lilikuwa limesimama mbele yake na suruali iliyopigwa pasi. Lakini mtu mzima aliyeulizwa amesema hapana, na adabu haikumruhusu asikie zaidi ya hapo. Leokadia peke yake hakucheka. Alifunga daftari lake, akakaa.

Jioni alikusanya vishikwambi. Alikuja chumbani akiwa na kikaratasi kati ya vidole viwili, akakiweka mezani, pale tulipokuwa tukila mihogo.

"L yako ina mkia," akasema. "Hata ningekuwa kipofu ningeijua."

Nilikigeuza kikaratasi uso chini.

"Droo iko wapi? Kadi."

"Jikoni."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. "Tumezila?" akauliza, na kwa nukta moja nilidhani atacheka kama zamani. Hakucheka. "Ningeweza kumfuata Bi Zuhura na hiki kikaratasi. Gari lao liko bado getini. Lakini umebakiza miezi michache, na wangekuondoa bila hata kukuaga." Akainuka. "Nenda ukastaafu vizuri." Kikaratasi alikiacha. Nilisikia gari likiwashwa, likashuka kilima, likapotea, na ningeweza kulikimbilia. Magoti yangu yalikuwa mazima wakati ule.

Kesho yake tulikutana kwenye kibaraza. "Shikamoo, mzee," akasema.

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. "Marahaba. Leo vipi tena?" Alikuwa ameshapita. Keshokutwa vivyo hivyo, na wiki iliyofuata, mpaka shule ikafungwa. Hakuna mtu ambaye angeweza kumlaumu. Mimi nilikuwa mkubwa kwake, alinipa ninachostahili, na kila aliponiamkia ilinibidi niitikie. Kabla ya mwaka mpya kuanza alikuwa ameomba kuhamia Biharamulo, na akakubaliwa.

Januari vitabu vyangu viliingizwa kwenye magunia. Nilikuwa nafunga kamba Editha alipofika mlangoni, akasimama pale ufa unapoanzia. "Shikamoo, babu. Nataka habari za kitaru cha kahawa. Tunataka kuotesha miche wenyewe."

"Tafuta kwenye kishikwambi."

"Nimetafuta. Kimesema hakuna."

Niliisikia r ile waziwazi, kama mlango unaobamizwa. Kitabu chenyewe kilikuwa kwenye gunia lililokuwa chini ya goti langu, nilikuwa nimekiweka mwenyewe dakika chache kabla. Ningemuuliza ameandikaje. Lakini kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba tatizo lipo, nami nilikwisha kusema mbele ya watu kwamba halipo. Nikasema, "Basi hakuna."

Editha akaitikia kwa kichwa, akafunika mdomo, akaondoka. Hakuja tena.

Vishikwambi vingine bado vinafanya kazi, sitasema uongo mwingine. Ripoti ilipelekwa shule nyingine, na huko nako, nimesikia, kipindi cha ana kwa ana kiliondolewa kwa sababu kwetu kilionekana hakihitajiki. Vitabu vililala stoo mpaka mchwa wakavifikia. Siku hizi hata simu yangu ndogo nikiandika kirimo inaniuliza kama nilitaka kilimo. Mara ya kwanza iliponiuliza hivyo niliiweka chini, nikatoka nje, nikazunguka nyumba. Mtu fulani, mahali fulani, aliulizwa kama ameliona tatizo hili, naye akasema ndiyo.

Niseme wazi basi, nipate kukaa. Kwa ajili ya "Sawa, Mkuu," watoto wa shule ile walipoteza mahali pekee palipowapokea jinsi walivyosema, Editha aliaminishwa na mimi kwamba alichokitafuta hakipo, na kadi nilizoziandika miaka yote ya kazi yangu zilipika chakula cha mchana mmoja. Nami nilimpoteza rafiki yangu Leokadia. Hakuna tena mtu aliye hai anayeniita Balua. Yeye ananiamkia kwa heshima zote, nami naitikia.